Tazama Ukutani

Fundi wa kompyuta wa kitivo, pale Kairo, hutoa ruhusa ya usimamizi kwa nusu saa tu, tena kwa yule tu anayemwita yeye "mhandisi mkuu". Akiandika nywila hukuamuru utazame ukutani, huku kiganja chenye mafuta ya taamiya, zile bajia za maharage, kimeifunika kibodi. Leo Dakta Inaam aliutazama ukuta, akapewa ruhusa, akaanza kuweka programu ambayo mwanafunzi wake angeitumia kutetea tasnifu adhuhuri. Mara fundi akarudi, sauti imenywea. Alikuwa amewawekea watu wote kikomo cha nusu saa, akasahau kwamba naye ni mtu; ruhusa yake mwenyewe ikakatika. Sasa msimamizi katika jengo zima ni Inaam peke yake.

"Daktari, taji la vichwa vyetu, nirudishie ruhusa yangu."

"Subiri, programu yangu imalizike."

Ilipomalizika, Inaam akaifunika kibodi kwa kiganja. "Haya, mhandisi mkuu. Tazama ukutani."