Rudisha Hapo

Kuna neno moja linalonitia kichefuchefu mpaka leo: rudisha. Lenyewe halina kosa. Kosa ni la wanaume wa kwetu Kiamaiko, mtaa wa vichinjio vya mbuzi hapa Nairobi, wanavyolipigia kelele ndani ya kibanda cha video, mikono ingali inanuka mbuzi, pale mwanamke kwenye kioo anapoanza kuvuliwa nguo.

Nilizipenda filamu hizo kabla hazijanichosha, siwezi kukana. Nasema zile za zamani za Wamarekani weusi, zenye mwanamke wa nywele zilizosimama duara, suruali pana, buti nyeupe hadi magotini na bunduki mkononi. Nyumbani mama alikuwa akiniunguza masikio kwa chanuo la moto ili nywele zangu zilale. Kibandani nikamwona mwanamke ambaye nywele zake hazikulazwa na mtu. Anaingia chumba kimejaa wanaume, hakuna anayemwuliza mume wake yuko wapi. Wanarudi nyuma. Mimi sikuwa nimewahi kuona wanaume wakirudi nyuma. Nilitoka pale natembea kwa mabega, nikachapwa kwa kuchelewa, na sikulia.

Sasa mimi ni mtu mzima na naosha matumbo pale kwenye bomba nyuma ya vichinjio. Tuko wanawake sita, na mdogo wetu ni msichana kutoka Busia ambaye huniita mathe, yaani mama. Jumatano moja broka, dalali wa mbuzi, yule anayeamua matumbo yaende kwenye beseni la nani, alimbana msichana huyo kwenye tangi la maji akatia mkono ndani ya aproni yake. Msichana alipiga mateke. Yule mzee akacheka, akajifutia mkono kwenye suruali, akaenda zake. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo.

Msichana hakunyamaza. Alienda kwa kamati ya soko siku hiyohiyo, na kamati ikauliza nani aliona. Akanionyesha mimi. Nikasema nilikuwa nimeinamia beseni, sikuona vizuri. Nilisema hivyo huku namwangalia mwenyekiti usoni, bila aibu. Niliona mpaka kucha za broka. Kesi ikafia hapo, na broka akaanza kumwita msichana "mke wangu" kila akipita bombani.

Jumapili, baada ya kanisa, nikaona ubao nje ya kibanda cha video: filamu ya zamani, dada mwenye bunduki. Nikapata wazo ambalo leo nikilikumbuka najitemea mate. Nikaenda kumbishia hodi msichana.

"Twende nikuonyeshe mwanamke anavyowanyoosha," nikamwambia.

"Kwani anashinda?"

"Anashinda, tena vibaya."

Nilidhani saa mbili za kumwona mwanamke akishinda zitalipia sentensi moja niliyokataa kuisema. Nilitaka kulipa kwa bei rahisi.

Asiyejua vibanda vyetu aelewe jambo moja: pale hatusikilizi Kizungu cha filamu. Dijei hukaa kando ya kioo na maikrofoni, anatupa maneno yake kwa Sheng, na wahusika huwapa sura za mtaani. Jambazi anageuka landilodi wa Huruma, polisi anageuka askari wa kaunti. Watu wanacheka kwa sababu wanajitambua. Mimi mwenyewe nimecheka miaka mingi.

Broka alikuwa benchi la mbele, miguu amenyoosha. Nilimwona tulipoingia. Ningeweza kugeuka. Nikakaa naye benchi la nyuma.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu jingine. Kichwani nilikuwa nimehifadhi bunduki peke yake. Nilisahau kabisa kwamba kabla ya bunduki majambazi wanamfunga dada huyo kitandani na kumchania blauzi, tena polepole, kamera ikimlamba mwili mzima. Waliotengeneza filamu ile nao ni walewale tu: hawakumpa silaha mpaka kwanza wamemvua.

"Rudisha!" benchi la mbele likaitika. Dijei akarudisha. "Rudisha!" Akarudisha tena, kisha akaona soko ni zuri, akashika maikrofoni.

"Wasee, si mnamjua huyu manzi? Ni yule wa matumbo, aliyekimbilia kwa kamati! Na huyu buda ni broka wetu, anadai haki yake!"

Kibanda kikalipuka. Wanaume waligongana mabega, wengine walikanyaga sakafu kwa furaha. Broka akasimama, akainua mikono miwili, akawapungia watu. Nilitamani kuwachukia wao peke yao, lakini mkono uliomshika msichana na kumleta pale ulikuwa wangu. Nikaangalia viatu vyangu. Nimezoea kuinama.

Msichana hakulia wala hakutoka. Alikaa wima mpaka mwisho, mpaka yule mwanamke alipopata bunduki na kumfikia bosi wa majambazi. Risasi moja tu, jamaa akaporomoka juu ya meza. Dijei hakuwa na neno la sehemu hiyo. Alishaanza kutangaza kwamba inayofuata ni ya karate.

"Rudisha," msichana akasema.

Watu wakageuka.

"Imeisha, mrembo," dijei akasema.

"Nimesema rudisha hapo."

Akapita katikati ya mabenchi, akamsukuma dijei kwa kiwiko, akabonyeza kompyuta mwenyewe. Yule bosi akainuka juu ya meza, akarudi nyuma, akapigwa tena. Akamrudisha mara ya pili. Mara ya tatu akachukua maikrofoni.

"Huyu ni broka," akasema. Basi.

Broka alimwambia dijei azime mtambo huo. Dijei akaangalia waya zake tu. Broka akatafuta kofia yake chini ya benchi, hakuipata haraka, na watu walimtazama akipapasa sakafuni hadi alipoipata na kutoka. Picha ikabaki imesimama, yule bosi kalala juu ya meza, mdomo wazi.

Msichana hakumfuata kwa macho. Alikuwa ananiangalia mimi, kule nyuma, maikrofoni bado mdomoni, kwa hiyo kibanda kizima kilisikia.

"Hiyo umeiona vizuri, mathe?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilisimama.

"Nimeona," nikasema. "Na ya Jumatano niliona."

"Kamati inakaa kesho saa nne," akasema, akaweka maikrofoni chini.