Nyama ya Kutafuniwa

Mama yangu amewatafunia nyama watoto nusu ya mtaa wetu, huku Unyambwa. Kuku wa Singida ni mtamu, sikatai, lakini jogoo akishazeeka hata kisu kinamheshimu, na mtoto mwenye meno mawili atamfanya nini? Basi Mama alichukua kipande, akakitafuna mpaka kikalainika, akakitoa kwa vidole na kukitia kinywani mwa mtoto. Mtoto akiduwaa, alimwambia, "Meza, usinitazame." Mimi, kitindamimba wake, nilimeza. Wanangu walimeza. Hata watoto wa jirani waliopita wakati wa chakula walimeza, maana kwenye sinia la Mama mtu haulizwi ni mtoto wa nani.

Kiungulia kilimsumbua miaka mingi. Ni yeye aliyewahubiria wenzake kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na ni yeye huyo huyo aliyekuwa akilamba magadi kwa siri nyuma ya banda la kuku. Alipokonda mpaka kanga zikawa zinamvaa yeye, nilimpeleka hospitali kwa ugomvi. Wakamwingiza mpira wenye kamera hadi tumboni, wakakata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yakaja: saratani ya tumbo, ila imewahiwa. Wakamfanyia upasuaji, wakaondoa sehemu ya tumbo. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi wodini kumwambia kwamba sasa tumbo limepungua, walau mlenda anaoupenda utabaki na sisi tuonje.

Tuliporudi kliniki, daktari, kijana aliyetoa shikamoo kabla hajagusa faili, alitueleza kwamba ndani ya ile nyama iliyokatwa walikuta pia kirusi. Mama akauliza amekipata wapi.

"Kinapita kwenye mate, Mama. Mara nyingi mtu anakipata angali mtoto."

Akaendelea kueleza, tena vizuri. Karibu kila mtu mzima anacho. Wengi mno hakiwafanyi kitu mpaka wanazikwa na uzee wao. Wataalamu wanaona kinahusiana na baadhi ya saratani za tumbo, lakini hawajamaliza kujua kinafanyaje kazi, na kuna bakteria wa tumboni anayelaumiwa kuliko chenyewe. Vichanga, alisema, siku hizi tuwapondee tu chakula, ndiyo usafi. Mimi niliyasikia yote. Mama alikuwa amebaki kwenye mate.

Kuanzia siku hiyo akawa na sahani yake, kikombe chake na kigoda chake pembeni karibu na mlango. Mwanamke huyu aliwahi kuwacheka wakwe zangu wa mjini, ambao kila mmoja hula kwenye sahani yake, akasema wanakula kama waliogombana. Nikamkumbusha. Hakucheka. Mjukuu akimkimbilia, aligeuza uso.

"Nimewalisha ugonjwa," alisema.

"Mama, daktari amesema..."

"Daktari hakutafuniwa na mimi."

Asubuhi moja akajifunga kanga zake za kwendea msibani, akaniambia nimsindikize, anakwenda kuomba radhi. Nilidhani ananitania. Tukaanzia kwa mwenye duka la mabati, mbaba wa kitambi na ndevu, aliyekulia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akainuka kitini haraka, akatoa shikamoo.

"Marahaba. Mwanangu, ulipokuwa mdogo nilikutafunia nyama. Nisamehe."

Yule bwana akanitazama. Mimi nikayatazama mabati.

"Nyama gani, Mama?"

"Ya jogoo."

Akaanza kucheka, kisha akaona macho ya Mama na kicheko kikamkauka. Nikamweleza habari ya kirusi kadiri nilivyoweza.

"Mama, mwaka ule mama yangu alikuwa amelazwa. Bila wewe ningekula nini?"

"Uji," alisema Mama.

Hakuna aliyekubali kumsamehe, si huyo wala wengine tuliowapitia. Wote walidai hawaoni kosa, jambo lililomuudhi sana, kwa sababu alikuwa amejiandaa kulia. Mwenye mabati yeye alimtuma mtu nyumbani kwake, akatukabidhi jogoo mzima, miguu imefungwa. Tukaenda kuomba radhi, tukarudi na kitoweo.

Jogoo mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Alichemka tangu adhuhuri na bado alikuwa mgumu. Tulipokaa kwenye sinia, Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni na kikombe cha uji, kwa sababu meno yamemwisha na tumbo lililobaki halitaki vipande. Alitutazama tunavyohangaika na ile nyama. Nikaona anavyotutamani, sisi wala si jogoo, na moyo ukaniuma kuliko siku ile ya majibu.

Nikachukua kipande cha paja. Nikakitafuna mpaka taya zikachoka, wanangu wakinishangaa. Nikainuka, nikaenda mlangoni, nikakitoa kwa vidole na kumfikishia mdomoni.

"Una kirusi changu wewe," akanong'ona.

"Si ndiyo nakirudisha kwa mwenyewe? Kinakujua."

Hakufungua mdomo. Macho yalimjaa maji, nami sikuwa na utani mwingine wa kumpa.

"Meza, Mama," nikasema. "Usinitazame."

Alinitazama hivyo hivyo. Kisha akafungua mdomo, akapokea, akameza.

"Hukukilainisha," alisema, akavuta kigoda chake mpaka kwenye sinia.