Gia ya Mashine ya Baba

Baba yangu alianza kutetemeka mkono wa kulia muda mfupi baada ya kumzika mama. Mwanzoni alisema ni baridi ya Old Moshi. Baadaye akasema ni uzee. Daktari aliyemwona mjini alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Akamwandikia vidonge, kisha akanivuta pembeni na kunieleza kwa sauti ya chini kwamba vidonge vitapunguza lakini havitaondoa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Soweto, mtaa wa pale Moshi mjini, na kila Jumamosi napanda kwenda kumwangalia. Nikawa namkuta amekaa barazani, mikono ameificha kwapani, hataki niione.

Kilichomuuma zaidi ni jembe. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, alikilima tangu alipoachiwa na babu, na chini ya nyumba kuna kipande cha wazi anachopanda mahindi na maharage kila masika. Sasa akinyanyua jembe linatua pengine kabisa, si pale alipolenga. Siku moja likatua kwenye ncha ya buti lake. Hakuumia, ila alilirudisha jembe stoo na hakulishika tena.

Kaka yangu anaishi Ulaya. Aliposikia habari hizo akatafuta mashine ndogo ya kulimia, iliyokwisha kutumika, akaituma kwenye kontena pamoja na mizigo ya watu wengine. Ni mashine ya kusukumwa na mtu mmoja: injini iko juu, chini kuna visu vinavyozunguka na kuchimbua udongo, nyuma kuna mipini miwili kama ya baiskeli. Siku ilipofika majirani walikuja kuishangaa. Baba akavuta kamba, ikawaka, akashika mipini. Hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Mashine ilikuwa inatetemeka yenyewe, inamtetemesha na yeye, na katika kutetemeka kule mkono wake ukawa mkono wa mkulima yeyote. Alikwenda mpaka mwisho wa kipande, akageuza, akarudi. Alipoizima alikuwa anacheka peke yake.

"Mama," aliniambia, kwani ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe kwa kuwa nina jina la mama yake, "hiki kitu kinajua kazi."

Alilima nayo misimu kadhaa. Alilima kwake, akamlimia na jirani mjane, akawa anaitwa kutoka ng'ambo ya mfereji. Alinenepa kidogo. Nikaanza kusahau yale maneno ya daktari.

Kisha mwaka mmoja, masika yakiwa karibu, visu vilinasa kwenye kisiki cha mti wa kahawa wa zamani kilichokuwa kimefukiwa na udongo. Alinipigia simu nikiwa nasahihisha madaftari.

"Mama, inalia lakini haitembei."

Fundi wa pikipiki wa pale njia panda alikuja kuifungua. Ndani, katikati ya grisi nyeusi, akatoa gia ya shaba yenye ukubwa wa kisosi cha chai. Upande mmoja meno yalikuwa yameng'oka kabisa.

"Injini ni nzima," alisema. "Kila kitu kizima. Ni hii tu."

Ni hii tu. Maneno yale yalinipa moyo mkubwa. Niliifunga gia kwenye kitambaa, nikaitia kwenye mkoba, nikamwahidi baba kwamba wiki ijayo atakuwa analima.

Jumatatu baada ya vipindi nikaanza na maduka ya spea yaliyo karibu na stendi. Kijana wa duka la kwanza aliigeuzageuza.

"Hii ya nini, dada?"

"Ya pawatila, mashine ya kulimia. Ila ile ndogo, ya bustani."

"Kampuni gani?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Karatasi yenye jina la mashine ilikuwa imebanduka zamani, zimebaki herufi chache na alama ya jani. Alitikisa kichwa. "Hii ya Ulaya. Sisi tunaleta za Kichina. Jaribu pale mbele." Pale mbele wakanituma nyuma ya soko. Nyuma ya soko wakaniambia niende kwa wauza pampu. Hakuna aliyenifukuza wala kunijibu vibaya. Kila mmoja alinituma kwa mwenzake, nami nikaenda.

Huko mtaa wa Mawenzi kulikuwa na duka jembamba la jenereta na pampu za maji, mwenyewe ni mzee wa rika la baba, amevaa kofia yake ya kufuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kiti. Nilipomweleza kwamba ni ya baba na baba ni mgonjwa, akaanza kushusha maboksi. Alishusha la kwanza, akajaribisha gia zilizomo, hakuna. Akashusha lingine. Akapanda kwenye stuli, akafika mpaka kwenye maboksi yaliyofunikwa vumbi chini ya dari, akikohoa, nami nikimwambia basi mzee, inatosha. Alirudi akakaa, anafuta mikono.

"Ningekuwa nayo ungeichukua sasa hivi ukampe baba yako," alisema. "Sina, binti yangu. Nisikudanganye."

Nilitoka pale nikasimama kivulini, nikashindwa kuamua niende kulia au kushoto.

Mtu mmoja shuleni akaniambia nishuke kwenye mashamba ya mpunga huko tambarare, kwani kule pawatila ni nyingi. Nikaenda. Kweli ni nyingi, na mafundi wake wapo, wamekaa chini ya bati wamezungukwa na magurudumu ya chuma. Fundi wao mkubwa aliiweka gia yangu juu ya kiganja, kisha akanipeleka kuona gia za kwao. Zilikuwa nene kama mikate.

"Unaona, mwalimu? Hizi zetu ni ng'ombe. Hiyo ya kwenu ni ndama."

Wenzake wakacheka, mimi pia nikacheka. Nikiwa kwenye gari la kurudi nilipigiwa simu na baba.

"Umepata?"

"Bado, baba. Nimeelekezwa mahali pengine."

Uongo. Hakukuwa na mahali pengine.

Kaka naye alikuwa anahangaika kule aliko. Watengenezaji walimwambia mashine ya aina ile waliacha kuitengeneza siku nyingi. Hatimaye akampata mtu anauza gia iliyofanana nayo, akainunua, akampa msafiri mmoja aliyekuwa anakuja kupanda mlima. Nilikwenda kuipokea hotelini kwake. Ilikuwa inang'aa kama pete. Jumamosi ile nilipanda na fundi wa pikipiki, na baba alikuwa ametusubiri getini amevaa mabuti.

Fundi akaziweka gia mbili mezani, ya zamani na mpya. Akazizungusha moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, hebu angalia. Meno ya hii yamelalia kulia. Ya kwetu yamelalia kushoto."

Baba akasogea. "Si uigeuze?"

"Hata ukiigeuza, mzee, bado yatalalia kulekule."

Baba hakumwamini. Aliichukua gia mpya akaigeuza, akailinganisha na ile ya zamani. Akaigeuza tena. Mkono wake ulikuwa unatetemeka na gia ikawa inagongagonga ubao wa meza, inalia kama kengele ndogo, na sisi wawili tumesimama tunamtazama. Aliacha mwenyewe, akaenda kuvua mabuti.

Lililobaki lilikuwa kuchongesha. Kuna karakana ya kuchonga vyuma mjini, na mwenye karakana aliniambia ukweli kabla hajaanza: shaba aliyonayo ni laini, anaweza kufuata umbo, lakini asingeahidi kwamba itadumu. Nikamwambia achonge tu. Wakati huo mawingu yalishafunika mlima tangu asubuhi hadi jioni, na majirani wote walishalima. Kipande chetu peke yake kilikuwa na majani.

Mimi na fundi wa pikipiki tuliifunga gia ile Jumamosi asubuhi. Injini ikawaka, visu vikazunguka, udongo ukafunguka mweusi. Baba akashika njia. Alikwenda mstari wa kwanza, akarudi, akaenda tena. Jirani yetu mmoja alisimama kwenye uzio wa mimea ya masale akapiga kelele, "Mzee umerudi!" Baba akamwitikia kwa kichwa bila kuachia mipini. Mimi nilikuwa nimebeba mbegu kwenye ungo, nimeshaanza kupanga mistari akilini.

Mlio ulibadilika. Baba aliujua kabla yangu, nikamwona mabega yake yameshuka. Alisukuma hatua chache zaidi, visu vikazunguka nusu, vikasimama. Akaizima. Palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia maji ya mfereji. Alibaki ameshika mipini ya mashine iliyozimwa, na mikono yake ikaendelea kutetemeka, mbele ya jirani, mbele yangu, mbele ya fundi. Nilitaka kusema neno la kumfariji mzazi wangu. Badala yake niligeuka, nikaurudisha ungo wa mbegu stoo.

Mvua ilianza siku zile zile. Ningeacha kipande kile kibaki hivyo hivyo? Nilizungumza na rafiki wa marehemu mama, mwanamke wa jumuiya yetu ya kanisa, na Jumamosi iliyofuata akaja na wenzake, kila mmoja na jembe lake begani. Baba alikuwa barazani.

"Nani amewaita?" aliniuliza.

"Mimi, baba."

Aliinuka akaingia ndani. Wanawake wale walilima wakiongea kwa sauti za chini, kama watu waliokuja msibani, na kabla ya mchana walikuwa wamemaliza na kupanda. Rafiki wa mama akaingia kumsalimu. Nilikuwa nyuma yake. Baba alikuwa amekaa kitandani, ameelekea ukutani, redio imewashwa.

"Tumemaliza, baba," mama yule alimwambia.

"Asanteni," alijibu. Hakugeuka.

Mahindi yalistawi mwaka ule kuliko miaka mingi. Baba hakushuka kuyaona hata siku moja. Lakini kila jioni alinipigia kuniuliza kama nimepata, na kila jioni nilimjibu bado. Nilituma picha za ile gia kwa watu nisiowafahamu. Nilimsumbua kaka mpaka akawa hapokei simu yangu mara ya kwanza. Nilifika mpaka Arusha.

Niliporudi kutoka Arusha nilipanda moja kwa moja kwake, baridi ya Julai ikiwa kali. Nilimkuta jikoni karibu na moto, nikaanza kumweleza kuhusu mtu niliyempata huko, ambaye alisema anaweza kuniulizia Nairobi.

"Acha sasa, mama," alisema.

"Huyu anaonekana ana uhakika, baba."

"Nimesema acha. Umechoka. Nakuona umechoka."

Nikasogeza kuni motoni. Kwa miezi ile yote nilikuwa nimeomba nisiulizwe tena, na sasa nilitamani aniulize. Nilimmiminia maziwa, nikamwekea kikombe mezani kama kawaida yangu, nikarudi kwenye kigoda. Alikitazama kikombe. Alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Njoo unishikie," alisema.

Nikaenda nikamshikia. Alikunywa taratibu, macho ameyafumba, mpaka maziwa yakaisha.