Saa mbili za mashine, lawama kwa meno ya Mama Feza

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Hii sikusimuliwa, nilikuwepo, na sijaitia chumvi. Nimekaa nayo wiki kadhaa nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Kwaya yetu ya parokia ilikuwa inarekodi nyimbo za jubilei. Solo ni za Mama Feza, mjane kutoka kijiji cha Kibumba, miaka sitini na kitu, ana meno ya bandia. Akianza kuimba hata wenye kuchezea simu wanaziweka mfukoni.

Fundi tuliyemleta ana maneno mengi. Alikuja na kompyuta ndogo inayopiga beat na kurekodi, pamoja na converter, kile kisanduku kinachogeuza sauti ya mic kuwa digital.

Siku ya kwanza safi. Siku ya pili umeme ukakatika, kama kawaida yetu. Uliporudi akawasha vitu, tukaendelea.

Kusikiliza tulichorekodi sasa: tak... tak... Kwaya nzima ikiimba husikii, ila kwenye solo zinasikika wazi.

Fundi akavua headphone, akasema mbele ya watu wote: "Mama, ni meno yako inagonga. Utoe, ama tutafute mwingine."

Watu wakacheka. Na mimi nilitabasamu, nakiri.

Mama akafunga kitabu chake cha nyimbo akaondoka. Nilimfuata hadi kwake. "Mutoto wangu, miye siimbi tena," akasema. "Sasa batu bote bataniangalia mu kinywa."

Mimi nafundisha hesabu tu, si fundi. Ila kesho yake nikabonyeza noti moja ndefu ya kinanda, tukairekodi na fundi kupitia mashine zile zile. Tak, tak. Kinanda hakina meno ya bandia, wakuu.

Tukafungua settings. Kila mashine ya digital ina saa yake ndani, inayokata sauti vipande maelfu kwa sekunde. Ukiunganisha mbili, moja lazima ifuate saa ya mwenzake. Umeme ulipokatika, converter ilisahau na kurudi kwenye saa yake. Zikawa zinapishana kidogo kidogo, na kila zikipishana kipande kinapotea: tak.

Tukabadilisha sehemu moja, converter ifuate tena saa ya kompyuta. Tak zikaisha.

Fundi akasema, "Aa, prof, c'est rien, si kitu. Ni horloge tu, ile saa." Nikamwambia aende akamwombe Mama msamaha mbele ya wale wale. Akasema ana kazi sehemu nyingine.

Nilichemka. Mwishowe nilisimama mimi mbele ya kwaya, nikaeleza yote, nikaomba radhi, hata kwa kule kutabasamu kwangu.

Nilichojifunza: umeme ukirudi, angalia saa kabla ya kurekodi. Na pima mashine kabla hujamgusa mtu. Mafundi wa humu, nijibuni bila kuzunguka, kwa nini mtu ndiye anashukiwa kwanza?

Mama Feza alirudi Jumapili. Sauti ni ile ile. Ila kitabu alikishika juu, mbele ya mdomo, mwanzo hadi mwisho, na nyimbo zote anazijua kwa kichwa.