Ukungu Uliokaa Juu ya Tanuri

Nilifika Busi wakati wa baridi, nikitafuta kibarua chochote. Shule niliiacha darasa la sita, ila maswali hayakuniacha. Mzee mmoja alinichukua tuchome matofali ya nyumba yake. Kifua chake kilikuwa kibovu. Kupanda kilima kidogo alisimama mara tatu. Desturi ya wachomaji wa pale ni kwamba aliyewasha tanuri ndiye huziba kwa udongo midomo ya tanuri inayotiwa kuni, na kabla ya hapo haondoki.

Asubuhi ya pili tangu mzee awashe tanuri, ukungu mzito ulijaa bondeni.

"Mzee, nenda ndani upumzike. Nitaziba mimi."

"Wewe mtoro wa shule? Matofali yatoke mabichi, nikae kwenye nyumba ya uji?"

Alicheka mpaka akakohoa. Badala ya kumsihi, nikajifanya mjuzi. Nilishaona barabara ya Mkonze ikimwagiwa maji, vumbi likatulia. "Basi usijali," nikasema. "Ukungu ni maji tu. Utauosha moshi huu." Akaniamini. Nikasukumia ndani magogo mabichi yaliyobaki.

Moshi haukuoshwa. Uliingia kwenye ukungu ukakaa humo. Weupe ukawa rangi ya majivu, nikashindwa kuona mgomba ulio hatua kumi. Kilimani jua lilishawaka. Sisi bondeni tulikuwa bado tumefunikwa. Mzee alipaka udongo mdomo wa mwisho kwa mkono mmoja, mwingine ameshika kifua. Kisha akaketi chini.

"Hewa imekwenda wapi?" aliniuliza, kama anayeulizia jembe lake.

Mimi na jirani mmoja tulimpakia kwenye pikipiki, nikamshikilia kwa nyuma hadi zahanati. Alifariki kesho yake.

Niliporudi tanurini nilikuta shati lake kwenye ua wa miiba, limelowa. Nikalikamua. Maji yalitoka meusi.

Mwalimu wa sayansi aliyekuja msibani nilimwonyesha kiganja changu, bado kina weusi wa maji yale. Akasema kila tone la ukungu huanza kwa kushika chembe ya vumbi au ya moshi. Chembe zikizidi, matone huwa mengi na madogo mno, hayadondoki, na ukungu hukawia kuondoka.

"Kwa hiyo ukungu haukumsaidia mzee?" nikauliza.

"Ulimfungia moshi, kijana wangu."

Sikumweleza nani alisema utauosha moshi.

Matofali yaliiva vizuri, mekundu mpaka katikati. Katekista alipokuwa akisali, nilisimama ukingoni mwa kaburi nikimpa fundi tofali moja moja, naye akajengea kuta za ndani ya kaburi.