Machozi ya Mama Peniel

Kama uliwahi kuiona ile video ya kwaya yetu ya Kiomboi, mimi Kristina ndiye yule mnene wa mstari wa pili, anayekwenda kulia wenzake wakienda kushoto. Hakuna aliyeniona. Macho yote yalikuwa kwa Eliana, aliyesimama juu ya jiwe kando ya Ziwa Singidani, machozi yakimtiririka kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Machozi yale ndiyo yaliyoipa video jina. Ilichezwa kwenye mabasi, ikachezwa vibandani, na huko mtandaoni watu wakagombana. Wengine waliandika kwamba ni Roho Mtakatifu. Wengine, wasio na haya, wakaandika anaigiza, amejipaka kitunguu.

Kitunguu! Eliana anauza dagaa sokoni, na hajui kudanganya hata kwenye kipimo. Siku ile mwanawe wa pekee, Peniel, wa miaka mitano, alikuwa amelazwa hospitali, bibi yake akimuuguza. Eliana alitaka kubaki naye. Mwalimu wetu wa kwaya, Chrispin, akamwambia mpiga video yupo siku moja tu, na bila mwimbishaji hakuna wimbo. Akaja. Alilia kwa wasiwasi, na mpiga video akafurahi, akamsogezea kamera.

Simu zetu nilizikusanya mimi kikapuni, nikazizima zote zisije zikaharibu kazi. Peniel alifariki saa saba mchana. Bibi yake alipiga, akapiga tena. Mimi nilirudisha simu za watu saa kumi.

Eliana hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonitesa. Nikajipa kazi. Miaka mitatu, kila kikao cha kwaya nilisimama: video ile iondolewe, mama wa watu anatukanwa. Walinichoka. Mwezi uliopita Mwalimu Chrispin akaifuta mbele yangu, mtandaoni na kwenye kompyuta.

Nilikwenda mbio sokoni kumpa habari. Kipimo cha dagaa kikabaki hewani mkononi mwake.

"Nani kawaambia muifute?"

"Mama Peniel, si wanakutukana?"

"Waache watukane. Mimi huwa naenda kibandani kwa Joshua, ananifungulia mtandaoni." Akakaa juu ya gunia. "Pale nalia, dada Kristina, lakini Peniel yupo. Ni saa nne asubuhi. Anaumwa tu."

Nililia mimi. Yeye akaniuliza, polepole, kama kuna mtu mwenye nakala.

Mpiga video hana tena. Nimeuliza makondakta wa mabasi ya Singida. Flashi zao zina nyimbo mpya. Nimefika mpaka Ilongero, kibanda kwa kibanda. Kila nikipita sokoni Eliana alikuwa akiniuliza, "Umepata?" nami nikimjibu bado, natafuta.

Jana hakuuliza. Alichungulia kikapu changu tu, kisha akaendelea kupima dagaa.