Sindano Iliyotoa Maziwa

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Nyantakara. Nilipewa semina ya siku mbili, fulana na begi, nikaanza kutembea kama mganga mkuu wa wilaya. Wanawake wakaniita daktari, nami nikaitika.

Mwezi uliopita nilimpima jirani yangu, Mama Adela, anayenyonyesha mtoto wa miezi minne. Titi la kushoto lilikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la kuku. Semina ilitufundisha kumpeleka mtu hospitali, basi. Mimi nikaongeza la kwangu.

"Hii ni saratani. Usimnyonyeshe, utamwambukiza."

"Hata titi la kulia, daktari?"

"Hata la kulia."

Akamwachisha ziwa siku ile ile. Wiki tatu nzima, mpaka mumewe alipomaliza kuvuna maharage na kupata nauli ya hospitali, mtoto alikunywa uji mwepesi wa mahindi. Akaharisha, mashavu yakaisha. Mimi nilipita kila asubuhi kuwahimiza wasali.

Jana nilimsindikiza hospitali, nimevaa fulana yangu. Daktari alichoma sindano kwenye uvimbe, akavuta. Bomba likajaa maziwa meupe, uvimbe ukanywea.

"Ni maziwa tu yaliyoziba njia," akasema. Kisha akamwona mtoto. "Mbona amekonda hivi? Nani alikuambia umwachishe?"

Mama Adela hakukasirika. Alininyooshea mkono kwa heshima zote.

"Ni daktari wetu, huyu hapa."